Usiipake rangi hiyo Lotus

Ndugu, unasema Lotus yako ya Scalextric ya miaka ya 1960, kile kigari cha kuchezea cha umeme kinachokimbia kwenye njia yenye mfereji, haitembei, na unataka kuipaka rangi upya. Rangi iache. Wakusanyaji wanataka ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo.

Anza na mota. Gusisha nyaya za betri ya volti 9 kwenye ncha zake mbili. Ikizunguka, mota nzima. Kagua vishungi vya waya wa shaba vilivyo chini, vinavyochota umeme kwenye njia. Vikichakaa vibadilishe, ni bei rahisi. Isipozunguka, safisha komutata (kipande cha shaba cha mviringo kwenye mhimili wa mota) kwa spiriti na uangalie kaboni, yaani vijiti vidogo vinavyoigusa na kuipa umeme. Ekseli, tone moja la mafuta mepesi. Thina usiilete karibu kabisa, inayeyusha plastiki! Matairi yaliyokakamaa badilisha, ila ya zamani usiyatupe, mnunuzi atayaulizia.