Maswali na Majibu: Kipokezi cha Seli T, Fosfeti na Sabuni

SWALI: Wataalamu, salaam. Nachochea seli za Jurkat (seli T za saratani zinazokuzwa maabara) kwa kingamwili ya OKT3, inayoshika CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T. Kisha natafuta fosfeti kwenye ZAP-70 na LAT, protini zinazopeleka ishara ya kipokezi, kwa western blot, njia ya kuonyesha protini kama mistari kwenye karatasi. Mara seli ambazo sikuzichochea zinatoa mstari mzito, mara hata zilizochochewa hazitoi kitu. Tatizo liko wapi?
Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Kwanza tazama saa yako. Lck, kimeng'enya cha kwanza katika mlolongo huu, huanza kubandika fosfeti kwenye mikia ya CD3 ndani ya sekunde chache. ZAP-70 na LAT hufikia kilele dakika ya kwanza au ya pili, na ERK, protini ya mbele zaidi katika mlolongo, hufuata kwenye dakika ya tano hivi. Wengi huchochea kwa dakika mbili, halafu huzizungusha seli kwenye sentrifuji dakika tano nyingine kabla ya kuzipasua. Hapo umepima dakika ya saba, si ya pili.

Weka seli milioni 2 katika mikrolita 100 za RPMI (maji ya kukuzia seli) isiyo na seramu na uzipashe kwa nyuzi 37 dakika kumi. Ongeza OKT3 hadi mikrogramu 5 kwa mililita. Muda ukiisha, mimina papo hapo mikrolita 100 za bafa ya kupasulia, yenye nguvu maradufu na ubaridi wa barafu. Sentrifuji itakuja baadaye, kuondoa mabaki.

Mstari ukipotea kabisa, mshuku orthovanadeti, kemikali ya kulinda fosfeti. Seli ikipasuka tu, fosfatasi zake (vimeng'enya vya kuondoa fosfeti) huanza kubandua fosfeti, na vanadeti ya 1 mM ndiyo inayozizuia, mradi imeandaliwa sawasawa: ipeleke kwenye pH 10, itageuka njano, ichemshe hadi ipoteze rangi, ikipoa pima pH tena. Rudia hadi ibaki haina rangi na pH isiteremke. Ile ya njano ina molekuli zilizoshikana na haifai. EDTA, kemikali inayonasa metali, nayo huikamata vanadeti, kwa hiyo itoe kwenye bafa.

Mstari wa seli zilizotulia mara nyingi hutokana na seli kuachwa zikasongamana. Unapozikuza, usizidishe milioni 1 kwa mililita. Karatasi ya blot izuie kwa BSA (albumini ya ng'ombe) 5% badala ya maziwa, maana kaseini, protini ya maziwa, ina fosfeti zake. Akt, protini nyingine ya ishara, ikiwaka bila kuchochewa usishangae: Jurkat hazina PTEN, kimeng'enya kinachoituliza.

Halafu kuna sabuni. LAT imejishika kwenye utando kwa asidi za mafuta, na sabuni ya Triton X-100 kwenye baridi huacha sehemu yake kubwa ndani ya mabaki unayoyatupa. Ongeza dodesili maltosidi, sabuni nyingine, utaiona. Na kila blot iwe na J.CaM1.6, Jurkat zisizo na Lck inayofanya kazi, pamoja na seli zilizotiwa pervanadeti, inayozuia fosfatasi hata ndani ya seli nzima. Za kwanza zisiwake, za pili ziwake sana. Blot isiyo na hizo mbili sisi hatuisomi.

SWALI: Kwa nini umbo la kipokezi kizima lilichelewa hadi 2019, wakati sehemu yake ya nje ilijulikana tangu 1996? Na je, kikishika antijeni hubadilika umbo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mwaka 1996 zilitengenezwa sehemu za nje tu za alfa na beta, zinazoyeyuka kwenye maji na kukubali kuwa fuwele. Kipokezi kizima ni minyororo minane: alfa na beta, gama na epsiloni, delta na epsiloni nyingine, na zeta mbili. Ndani ya utando, chaji chanya za alfa na beta zimeshikana na chaji hasi za wenzao. Ukikitoa kwa sabuni kali, kinaachana. Waliofanikiwa mwaka 2019, kwa hadubini ya elektroni ya ubaridi na uwazi wa picha wa angstromu 3.7, walitumia digitonini, ambayo ni sabuni pole. Faili yao katika hazina ya maumbo ya protini (PDB) ni 6JXR. Ifungue kwa ChimeraX, programu ya kutazama maumbo hayo. Usitafute humo mikia yenye ITAM 10 (vipande vinavyobandikwa fosfeti) na tairosini zake 20: inapeperuka bila umbo moja, haionekani.

Kuhusu kubadilika, jibu lilitegemea kipokezi kimewekwa ndani ya nini. Kazi ya 2022, ikitumia sabuni, iliona umbo lilelile kabla na baada ya kushika antijeni. Kundi la Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, likakiweka ndani ya visahani vya lipidi vilivyozungushiwa mkanda wa protini, na matokeo yaliyotoka 2025 yakaonyesha kipokezi kilichotulia kimejikunja, kikishika antijeni kinanyooka. Kwa maoni yetu lipidi zina uzito zaidi, kwa sababu ndimo kipokezi kinamoishi. Hata hivyo kisahani hakina CD45 (fosfatasi ya utando wa seli), Lck wala mvuto wa seli ya pili, ile inayoleta antijeni.

SWALI: AlphaFold, programu inayokisia maumbo ya protini, haitoshi?
M., Mwanza

JIBU: Kwa fremu ya alfa na beta, inatosha. Kwa vitanzi vya CDR3, vinavyoigusa peptidi yenyewe (kipande cha antijeni), usiiamini kabla ya kuangalia pLDDT, alama ya uhakika wa programu, ya kila asidi amino. Ikiwa chini ya 70, usichore hitimisho juu ya pembe ya mshiko. Endesha mara kadhaa kwa namba tofauti za kuanzia. Vitanzi vikitua mahali tofauti kila mara, programu inabahatisha.