Re: Kiwanja cha bondeni Bukoba, ni hatari zaidi?

Ndugu, umeuliza kama kiwanja chako karibu na mto Kanoni kitatikisika kuliko cha shemeji yako kule juu kwenye mwamba, ukikumbuka tetemeko la 5.9 la Septemba 2016. Kwa kawaida, ndiyo. Udongo laini hupunguza mwendo wa mawimbi lakini huyakuza, na tope likikaa juu ya mwamba mgumu hutikisika kama uji kwenye bakuli.

Mexico City 1985 ndiyo shule yetu: kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini, pwani ya Pasifiki, lakini yaliyoporomoka zaidi ni maghorofa ya kati yaliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale.

Hesabu ya mdundo wa udongo, yaani muda wa mtikisiko mmoja kwenda na kurudi, ni nyepesi. Zidisha kina cha udongo laini kwa 4, gawanya kwa kasi ya mawimbi ya mkato (yale yanayotikisa ardhi kando kwa kando). Kina cha mita 20 na kasi ya mita 160 kwa sekunde vinakupa nusu sekunde, mdundo unaokaribiana na wa jengo la ghorofa tano hivi, na midundo ikilingana jengo hutikisika zaidi. Nyumba yako ya chini ina mdundo mfupi zaidi, kwa hiyo usiige hofu ya wenye maghorofa.

Mimi ningehofia zaidi mchanga uliojaa maji, maana ukitikiswa hulegea na msingi ukazama. Chimba shimo la mita tatu, mwezi wa mvua. Maji yakijikusanya chini na mchanga ukiporomoka kutoka kingo, tafuta mhandisi wa udongo kabla ya fundi. Na shemeji naye aangalie mawe yaliyoning'inia juu ya nyumba yake.