Betri ya kibanda cha sola inakufa mapema: tununue kubwa zaidi?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha akina mama katika kisiwa kidogo kinachoelekea Wete, Pemba. Waya wa umeme haujatufikia. Tuna kibanda cha kuchaji simu kwa shilingi 300, na usiku watu huja kutazama televisheni ya wati 80 kwa muda wa saa nne. Paneli ni moja ya wati 200, betri ni ya gari, ampea-saa 100. Kwa siku hupokea simu kubwa kama 25 na simu ndogo za kitochi 10. Betri ya kwanza haikumaliza mwaka, na hii ya pili siku hizi huzima kabla watu hawajaondoka. Faida tulikusudia kuwanunulia mayatima vifaa vya skuli, lakini yote inaishia kwenye betri. Tununue kubwa zaidi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada zangu. Msinunue betri kubwa. Hiyo mliyonayo ina njaa, na ikiwa kubwa njaa itazidi.

Tupige hesabu. Ukiacha siku za masika, tuchukue kwamba mnapata jua kali kwa muda wa saa 4.5 kwa siku. Wati 200 mara 4.5 ni wati-saa 900. Ondoeni kinachopotea kwa joto, kwenye waya na ndani ya betri yenyewe, zitabaki kama 630. Sasa matumizi. Simu kubwa moja, pamoja na kinachopotea kwenye invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), hula kama wati-saa 22, kwa hiyo simu 25 ni 550. Vitochi vyote ni 60. Televisheni ni 320. Jumla 930. Mnaingiza 630, mnadai 930.

Betri ya risasi, kama hiyo yenu ya gari, isiyojaa siku baada ya siku hujenga salfeti, yaani utando wa chumvi ya risasi, kwenye sahani zake za ndani. Mwanzoni salfeti hiyo ni laini na chaji huiondoa. Ikikaa, inakuwa chembe ngumu zisizotoka tena, na nafasi ya kuweka umeme inapungua. Tena betri ya gari ina sahani nyembamba, zilizotengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache kisha kupumzika. Kuikamua kila usiku ni kuiua.

Kwa hiyo anzeni na saa za kazi. Simu zichajiwe kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, ili umeme wa paneli uende kwenye simu bila kulala ndani ya betri. Anayeleta simu magharibi aiache hadi kesho. Najua wavuvi watalalamika, lakini hapa msilegeze. Simu zichajiwe kwa kigeuzi cha volti 12 kwenda USB, si kupitia invata.

Pili, ongezeni paneli ya wati 150 yenye volti sawa na ya kwanza, mziunge sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, iwe ya ampea 30. Mtapata kama wati-saa 1,100 kwa siku.

Betri ikifa, hapo ndipo mnunue ya sola, ampea-saa 100 ileile, na msiitumie kupita nusu. Pimeni volti alfajiri, kabla ya jua na bila mzigo: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Mkiona chini ya 12.2, usiku unaofuata punguzeni televisheni. Msiiweke chini ya bati lenye joto, na vichwa vyake vipakeni vaselini, maana chumvi ya bahari inavila.

Sasa fedha, ambako miradi mingi ya kijamii hufia. Kinyasini, Unguja, Barefoot College huwafundisha akina mama wa vijijini ufundi wa sola. Mfumo huo ulianzia Tilonia, India, katika taasisi aliyoianzisha Bunker Roy mwaka 1972, na ndani yake kila kaya huchangia kila mwezi ili fundi alipwe na vipuri vinunuliwe. Mchango huo nauthamini kama ufundi wenyewe. Nanyi fanyeni hivyo. Tuseme betri ya sola ni shilingi 450,000 na mnataka iwape miezi 30: ni 15,000 kwa mwezi, 500 kwa siku. Basi fedha ya simu mbili za mwanzo kila siku ni ya betri, iwekwe mbali na iandikwe. Simu 35 zinaleta 10,500. Mkishatoa ya betri na posho ya anayekaa kibandani, za mayatima zitaonekana.

Ile betri iliyokwisha kufa msiitupe pwani wala msiwaachie watoto. Risasi yake ni sumu na tindikali inaunguza. Ipelekeni Wete au Chake Chake kwa wanaonunua betri chakavu. Bei yake itapunguza gharama ya paneli.