Mpiga dramu achague nyimbo gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga dramu katika bendi ya kopi, yaani ya kupiga nyimbo za wengine, hapa Bamburi, Mombasa. Wenzangu huchagua nyimbo kwa kufuata gitaa na sauti tu. Nami nina haki ya kuchagua? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haki unayo, tena kubwa, maana wimbo ukiyumba utakayetazamwa ni wewe.

Anza na chakacha, ngoma ya pwani wanayoicheza kina mama. Mpiga dramu wa Mombasa asiyeiweza, mimi simwelewi. Ile ni sita kwa nane: mguu ushike mapigo mawili makubwa, hai-hati, yale matoazi mawili yanayogongana, ihesabu sita, snea, ile ngoma yenye nyaya chini, uigonge ukingoni, polepole kwanza. Ukiteleza ukaingia nne kwa nne, kina mama wataketi.

Rumba ya Kongo chukua mbili, zisizidi. Kazi yake ni kungoja. Kwenye ubeti gonga ukingo wa snea tu, mwimbaji apumue. Seben ikiingia, ile sehemu ya mwisho ya gitaa na kucheza, ndipo ufungue mkono. Nasikia vijana wengi wakiwaka tangu mwanzo, na seben ikifika hawana cha kuongeza.

Rege iweke baada ya hapo upumzishe mkono: dramu ya besi na snea zianguke pamoja pigo la tatu. Na hotelini Jambo Bwana ya Them Mushrooms utaombwa tu, iwe tayari.

Wimbo mpya usiukubali kwa kuusikia kwenye simu. Mwite mpiga gitaa la besi mapema, muupige wawili wenu mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wake. Ukikukimbia mkononi, waambie wenzako wausubirishe hadi mwezi ujao.