Barakoa ya mti inachekaje?

SWALI: Nimeangalia video ya Nogaku, tamthilia ya ngoma ya Kijapani. Mchezaji amevaa barakoa ya msichana, na naapa uso ule ulitabasamu, kisha ukahuzunika. Kuna kitu kinachosogea ndani yake? Na ni kweli sanaa hii ilitoka kwa wakulima?

JIBU: Katika hiyo uliyoiona, hakuna kinachosogea. Ni kipande cha mti wa hinoki kilichopakwa unga wa magamba ya chaza uliochanganywa na gundi ya wanyama. Mchongaji huuacha uso katikati, haujacheka wala haujanuna. Kazi iliyobaki ni ya shingo ya mchezaji. Akiinua kidevu kidogo, mwanga unajaa usoni na midomo inaonekana kuchanua. Hiyo huitwa terasu. Akiinamisha, kivuli kinaangukia macho, unaona majonzi. Hiyo ni kumorasu. Akizidisha tu, amekuharibia: linabaki gogo lililopakwa rangi. Na haya yote anayafanya karibu kipofu, maana matundu ya macho ni madogo mno. Hujipima kwa nguzo za jukwaa, hasa ile ya mbele, kushoto kwa mtazamaji.

Kuhusu wakulima, ni kweli nusu. Waigizaji Kan'ami na mwanawe Zeami waliipa sura yake katika karne ya 14, wakifadhiliwa na shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimitsu. Lakini walichokuwa nacho mkononi ni sarugaku, michezo iliyojaa vichekesho, na dengaku, ngoma zenye asili katika upandaji wa mpunga.

Ukitaka kuuona ushamba huo kwa macho (nausema kwa sifa), tafuta Okina, ambayo ni ibada kuliko mchezo. Barakoa yake ya mzee ndiyo yenye kinachosogea: kidevu kimekatwa kikafungwa kwa kamba. Kwa kawaida mchezaji huvaa barakoa nyuma ya pazia, kwenye chumba chenye kioo cha kujitazamia. Huyu wa Okina huivaa jukwaani, mbele ya watu. Kisha ni zamu ya mhusika mwingine, Sanbaso. Kwanza anakanyaga sakafu kwa vishindo, halafu anavaa barakoa nyeusi na kutikisa njuga kama mtu anayemwaga mbegu shambani.

Na wakulima wenyewe hawajaondoka. Kule Kurokawa, mkoani Yamagata, wanakijiji ndio wachezaji, na kila Februari hucheza usiku kucha kwenye sikukuu ya mungu wao.