Shemasi mpya, anza barazani

Mashemasi wapya huniuliza waanzie wapi wakifika mtaani: paa la kanisa, kwaya au hesabu za sadaka? Nawaambia waanze kwa kuketi na watu. Kisha nawasimulia habari za Edward Steere, askofu aliyezikwa nyuma ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya ukasisi. Mwaka 1864 alifika Zanzibar pamoja na rafiki yake, Askofu Tozer. Kabla hajajenga chochote aliwaomba wenyeji wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyotoka vinywani mwao. Zilichapishwa mwaka 1870. Hadithi zenyewe za paa yule mnyama, za punda, za masultani. Hata moja haikuwa ya kanisani. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko penginepo, kwamba msomi wa sheria alikubali kuwa mwanafunzi wa wasimulizi. Uaskofu ulimjia mwaka 1874, na Agano Jipya la Kiswahili alilotafsiri lilitokana na masikio yaliyokwisha kufunzwa. Jiwe la msingi la kanisa kuu, palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa Krismasi ya 1873, miaka tisa tangu afike mara ya kwanza.

Mimi sikusubiri hata wiki tisa. Nilipewa mtaa upande wa Masasi, ambako Steere mwenyewe aliwapeleka watu waliotolewa utumwani mwaka 1876. Jumapili ya kwanza nilihubiri juu ya neema kwa maneno yote ya chuoni. Watu wakaitikia amina. Baada ya ibada mzee mmoja alinishika mkono, akasema, "Padri, umesema vizuri, lakini hukusema na sisi."

Iliniuma sana. Nilikaa siku kadhaa nikimkasirikia, ndipo nikaenda kwake kumwomba anifundishe. Msimu wa korosho ulikuwa umefika, akanipa kikapu. Tukiokota, akasema mwaka ule ulikuwa wa neema: mvua imenyesha vizuri, ghala limejaa, mgeni akija anakula. Kumbe neno nililohangaika kulifafanua kwa nusu saa walikuwa nalo, tena likiwa zito kuliko langu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiende barazani na daftari. Watu wakiona kalamu hunyamaza, au husema wanachodhani unataka kusikia. Andika usiku ukirudi. Usisahihishe Kiswahili cha mtu anayekusimulia msiba wake. Msikilize sana katekista, maana alikuwapo kabla yako na huenda atabaki utakapohamishwa. Akina mama wasikilize wakiwa kwenye kazi zao. Kwenye kikao cha mtaa wengi hawatasema lililo moyoni. Msibani usiharakishe kuomba. Kaa, hata saa mbili, hata kama una mahali pengine pa kwenda.

Na usibadilishe chochote mwaka wa kwanza, isipokuwa lililo hatari. Najua askofu wako atataka ripoti. Mwandikie majina ya nyumba ulizoketi na yale uliyoambiwa yanayoweza kusemwa. Paa likiwa na ufa, mwite fundi aliangalie, kisha rudi barazani.