Muulize Mwanabaiolojia: Nzi mwenye miguu kichwani, ni kweli au wameedit?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa form six, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), niko Morogoro. Ticha wetu wa baiolojia alituonyesha kwenye simu picha ya nzi, pale antena zinapokaa kumeota miguu, darasa zima tukabisha tukasema hiyo wameedit. Yeye anasema ni jeni moja tu, yaani agizo moja la urithi ndani ya seli, ina hitilafu. Sasa mi sielewi, jeni moja inajengaje mguu mzima? Alafu mdogo wangu wa mwisho ana vidole sita kila mkono, bibi anasema mama alivuka kitu kibaya njiani akiwa mjamzito. Je ni kitu hicho hicho?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ticha wako yuko sahihi, picha ni ya kweli kabisa, na huyo nzi nimeshamuona kwa macho yangu chini ya hadubini nilipokuwa chuo, tulikuwa tunawafuga kwenye vichupa vya uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira, mdomoni umeziba na pamba. Kwanza tuelewane ni nzi yupi, mana wakulima wa maembe wakisikia nzi wa matunda wanamfikiria yule mdudu anayetoboa embe likiwa bado mtini, huyo ni mwingine. Tunayemzungumzia hapa, ambaye naye huitwa nzi wa matunda, ni kile kinzi kidogo chenye macho mekundu kinachozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni, jina lake la kisayansi Drosophila melanogaster.

Sasa swali lako la jeni moja kujenga mguu ndo swali lenyewe, na jibu ni kwamba HAIJENGI. Mguu unajengwa na mamia ya jeni, na hizo jeni zipo ndani ya kila seli ya nzi, za kichwani zinazo, za tumboni zinazo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuamua wapi zifanye kazi. Chukulia fundi anajenga nyumba, mafundi wake wote wanajua kujenga jiko na wote wanajua kujenga choo, ila kuna msimamizi anapita anasema hapa ni jikoni, hapa ni chooni. Msimamizi hashiki hata tofali. Lakini akikosea akasema "jiko" mahali pa choo, utapata jiko zuri tu limekamilika, shida yake ni limekaa pasipo pake. Na ukiangalia vizuri ule mguu wa kichwani utaona ndo hivyo, ni mguu kamili wenye viungo vyake na kucha zake.

Jeni ya huyo nzi inaitwa Antennapedia. Kazi yake ya kawaida iko kifuani, inasema hapa ni kifua, iote miguu, na kichwani inatakiwa ikae kimya. Mutesheni, yaani badiliko ndani ya jeni, inaifanya iwake kichwani pia, basi seli zilizokuwa zinajiandaa kuwa antena zinapokea amri ya kifua na zinatii. Mwaka 1987 maabara ya Walter Gehring kule Basel, Uswisi, walihakikisha hili kwa namna nzuri sana, waliiunganisha hiyo jeni na swichi inayowashwa na joto, mabuu wakapashwa joto kwa muda mfupi, wakaja kutoka nzi wenye miguu kwenye antena. Na kumbuka nzi anachukua kama siku 10 tu tangu yai mpaka kuruka, siku moja ndani ya yai, kama nne akiwa buu, zilizobaki akiwa pupa, na ndani ya buu kuna vifungu vya seli vimetunzwa pembeni kabisa vikisubiri kuwa bawa, jicho, mguu. Ukivuruga amri wakati huo nzi anatoka na kosa. Ukichelewa, akishakuwa nzi kamili, huwezi tena kumuotesha mguu.

Kuna kosa la upande wa pili, na mimi hili nalipenda zaidi. Nzi ana mabawa mawili, nyuma yake ana vijiti viwili vidogo vinaitwa halteri vya kumpa balansi akiruka. Jeni inayosema "hapa nyuma ni halteri" ni Ultrabithorax. Hii ikizimika sehemu hiyo, halteri zinageuka mabawa, unapata nzi wa mabawa manne! Edward Lewis wa Caltech, Marekani, alikaa na familia hii ya jeni miaka mingi sana, na ndipo watu wakaelewa mwili wa mdudu umegawanywa vipande na kila kipande kina jeni za kukitambulisha. Kwa hiyo ya kwanza imewaka pasipotakiwa, ya pili imezimika ilipotakiwa. Mkishika hilo nyie wa PCB mengine yatafuata yenyewe.

Na si kila nzi wa namna hii anaishi. Wale wa Antennapedia mara nyingi wakirithi nakala mbili zenye hitilafu wanakufa kabla hawajawa nzi. Kuna jeni nyingine inaitwa bicoid, hii inanishangaza mpaka leo, mama akiwa hana nakala nzuri yeye mwenyewe ni mzima kabisa, lakini mayai yake yanatoa viumbe visivyo na kichwa wala kifua, mana ni mama anayeweka ujumbe wa "mbele ni huku" ndani ya yai kabla mtoto hajaanza kujitengeneza.

Sasa mdogo wako. Jeni za familia ya Antennapedia sisi pia tunazo, binadamu ana 39, na moja inaitwa HOXD13 ikiwa na hitilafu mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vilivyoungana na vya ziada. Ila sio lazima iwe hiyo kwa mdogo wako, jeni zinazoweza kuleta kidole cha sita ni kadhaa, nyingine inaitwa GLI3. Vidole sita mara nyingi vinarithiwa, na mzazi anaweza kuwa amebeba jeni hiyo huku vidole vyake ni vitano vitano, kwa hiyo ulizeni pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, mnaweza kukuta kuna mtu alikuwa navyo. Mama yenu hakuvuka kitu, tafadhali mwambie hivyo, nadhani amelibeba neno hilo siku nyingi. Na msimfunge mtoto uzi kwenye kidole nyumbani, mpelekeni kwa daktari akaangalie kama kuna mfupa.

SWALI: Salaam. Bila kumuudhi mtu, hivi kwa nini wasomi wapoteze miaka kwa vinzi wakati watu wanaumwa? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Wa alaikum salaam, hujaniudhi. Nitakupa mfano mmoja tu. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus wakiwa Heidelberg, Ujerumani, waliwapa nzi mutesheni kwa kemikali wakaanza kukagua watoto wao mmoja mmoja, kazi ya kuchosha macho, wakaitoa mwaka 1980. Kati ya waliowapata kulikuwa na buu aliyejaa vijimiba mwili mzima kama kalunguyeye, wakaiita jeni hiyo hedgehog, maana yake kalunguyeye huyo huyo. Baadaye ikaonekana sisi tunazo jeni za aina hiyo, na GLI3 niliyomtajia mwanafunzi wa Morogoro iko kwenye mnyororo huo huo wa amri. Mnyororo huo ukigoma kuzimika kwenye ngozi ya mtu mzima unaleta aina ya saratani ya ngozi inayoitwa basal cell, na mwaka 2012 Marekani iliruhusu dawa ya vismodegib inayouzima, kwa wagonjwa ambao upasuaji hauwafai. Hao wawili pamoja na Lewis walipata tuzo ya Nobel mwaka 1995, lakini mimi nikifikiria hiyo kazi namkumbuka yule buu wa miba.